Mwanaanga na Nyumba Aliyoiacha: Historia Iliyo Nyuma ya Riwaya ya Atmosphere

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuitazama historia ya wanawake waliosafiri katika anga za juu kwa kupitia mlango ambao wanahistoria hawajauzoea sana, yaani mlango wa riwaya. Riwaya yenyewe ni Atmosphere, ya mwandishi Mmarekani Taylor Jenkins Reid, iliyotolewa mwezi wa Juni 2025. Wasomaji wengi wameipokea kama hadithi ya mapenzi, na kwa kweli hata jalada lake latangaza hivyo. Lakini anayeisoma akiwa na kumbukumbu za miaka ya 1978 hadi 1986 mkononi ataona kwamba mwandishi amegusa jambo ambalo kumbukumbu hizo zililipita kimya.

Historia ya wanawake hawa, jinsi inavyosimuliwa aghalabu, ni orodha ya watu wa kwanza: wa kwanza kuizunguka dunia, wa kwanza kutoka nje ya chombo, wa kwanza wa nchi fulani au wa rangi fulani. Orodha ya namna hiyo ina faida zake, na sisi wenyewe tutaitumia. Upungufu wake ni kwamba haisemi kuwa kila aliyetajwa humo alitoka katika nyumba, na kwamba humo ndani alimwacha mama, mume, mtoto au mpenzi.

Dai letu ni hili. Nyumba haikuwa jambo la pembeni katika historia ya wanaanga wanawake. Ndiyo iliyokuwa hoja ya kuwazuia kabla hawajakubaliwa. Ndiyo iliyokuwa swali la kwanza walipokwisha kukubaliwa. Na bado ndiyo iliyokuwa habari ya mwisho kuingia katika maandishi. Ili kulithibitisha dai hilo tutaanza na riwaya, kisha tutarudi kwenye matukio yenyewe kwa mfuatano wa miaka, na mwishoni tutauliza jambo hili linaihusu vipi lugha ya Kiswahili.

Riwaya Yenyewe

Mhusika mkuu ni Joan Goodwin, mwanamke msomi wa elimu ya nyota anayefundisha katika Chuo Kikuu cha Rice, huko Houston. Anasikia kwamba NASA, Shirika la Anga la Marekani, linawatafuta wanawake wanasayansi. Anaomba, anakubaliwa, na mwaka 1980 anaanza mafunzo pamoja na wenzake, wanaume kwa wanawake. Miongoni mwao yumo Vanessa Ford, mhandisi wa vyombo vya angani. Polepole Joan na Vanessa wanapendana, na kwa kuwa mapenzi ya wanawake wawili yangeweza kuwanyima kazi yao, wanalazimika kuyaficha.

Sambamba na kisa hicho kuna kisa cha pili, ambacho kwa maoni yetu ndicho kinachoibeba riwaya. Joan ana dada yake, Barbara, na Barbara ana binti, Frances. Mama huyu anazidi kumwona mwanawe kama mzigo, na mzigo huo unahamia kidogo kidogo mikononi mwa Joan. Wahenga wetu walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo yatosha kuwa muhtasari wa nusu nzima ya kitabu hiki, ijapokuwa mwandishi wake hakuikusudia.

Kwa upande wa fani, mwandishi ametumia mbinu rejeshi. Anaanza mwezi wa Desemba 1984, chombo kikiwa angani na Joan akiwa katika chumba cha uongozi huko Houston. Ajali inatokea. Vanessa yumo chomboni, na Joan ndiye mwenye zamu ya kuzungumza na wasafiri kwa redio. Kutoka hapo hadithi inarudi nyuma miaka kadhaa, na msomaji anayajua mapenzi yao huku tayari akiijua hatari inayoyangoja. Hatutaeleza mwisho wake, kwani si haki kumnyang'anya msomaji kile alichowekewa na mwandishi. Linalotuhusu ni ile hali ya Joan: anasikilizwa na chumba kizima, kila neno lake linanaswa katika kanda, na neno moja analotaka kulisema hawezi kulisema.

Je, hali hiyo ni ubunifu mtupu? Historia inajibu kwamba sivyo.

Hoja ya Kuwazuia

Wanaanga wa kwanza wa Marekani, wale 7 waliotangazwa mwezi wa Aprili 1959, walichaguliwa kutoka miongoni mwa marubani wa kijeshi waliozoea kuzijaribu ndege za jeti. Sharti hilo halikutaja jinsia ya mtu, lakini kwa kuwa jeshi halikuwaruhusu wanawake kuziendesha ndege hizo, liliwafungia mlango bila kuwataja. Mnamo 1960 Daktari Randolph Lovelace, aliyewapima wale wanaume 7, alimpima pia rubani Jerrie Cobb, na baadaye marubani wengine wa kike wakapimwa. Waliofaulu walikuwa 13. Vipimo hivyo havikuwa vya NASA, na jeshi lilipokataa kutoa mahali pa kuviendeleza, vilikoma.

Mwezi wa Julai 1962 kamati ya Bunge la Marekani iliwasikiliza Cobb na mwenziwe Janey Hart, rubani aliyekuwa mama wa watoto 8. Mbele ya kamati hiyo John Glenn, ambaye miezi 5 kabla alikuwa ameizunguka dunia mara 3, alieleza kwamba kutokuwapo kwa wanawake katika kazi hiyo ni jambo la utaratibu wa jamii. Yafaa tuyapime maneno hayo. Glenn hakusema kwamba wanawake hawawezi. Alisema kwamba jamii imewapangia mahali pengine. Mahali hapo hapakuhitaji kutajwa, kwani kila aliyekuwa chumbani alipajua.

Huko Urusi ya Kisovieti mambo yalikwenda njia nyingine, lakini nyumba haikukosekana. Valentina Tereshkova alizaliwa mwaka 1937 katika mkoa wa Yaroslavl. Baba yake aliuawa katika vita vya Finland, na mama yake akawalea watoto 3 kwa kazi ya kiwandani. Binti naye alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, na saa za mapumziko akajifunza kuruka kwa mwavuli. Tarehe 16 Juni 1963 alirushwa katika chombo cha Vostok 6, akaizunguka dunia mara 48 kwa muda wa karibu siku 3. Kwa sababu za siri, alikuwa amewaambia watu wa nyumbani kwamba anakwenda kwenye mambo ya miavuli. Mama yake alipata habari za safari hiyo kwa redio, pamoja na dunia nzima.

Tunaomba msomaji alishike tukio hilo, maana tutalirudia. Mwanamke wa kwanza kufika angani hakuweza kumwaga mama yake kwa maneno ya kweli.

Lililofuata linaonyesha upande wa pili wa jambo lilo hilo. Mwezi wa Novemba 1963 Tereshkova aliolewa na mwanaanga Andriyan Nikolayev katika harusi iliyohudhuriwa na Khrushchev mwenyewe, na mwezi wa Juni 1964 wakapata binti, mtoto wa kwanza ambaye baba na mama yake wote walikuwa wamefika angani. Madaktari walimchunguza mtoto huyo kwa hamu kubwa. Hivyo familia iliyofichwa kabla ya safari iligeuzwa kuwa maonyesho baada ya safari. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1982. Ama wale wanawake wengine 4 waliofunzwa pamoja na Tereshkova, hakuna hata mmoja aliyerushwa, na kundi lao likavunjwa mwaka 1969.

Ilipita miaka 19 kabla ya mwanamke wa pili. Naye ni Svetlana Savitskaya, bingwa wa dunia wa michezo ya ndege, aliyekifikia kituo cha Salyut 7 mwezi wa Agosti 1982. Wenyeji wake walimkaribisha kwa aproni na mzaha kuhusu kazi za jikoni. Mwaka 1984 alirudi huko, na tarehe 25 Julai akawa mwanamke wa kwanza kufanya kazi nje ya chombo. Tunaweza kuicheka aproni ile, kama walivyoicheka waliokuwapo. Lakini mzaha hauchekeshi ila pale msikilizaji anapoijua imani iliyo chini yake, na imani hiyo ni ile ile ya mwaka 1962.

Wanawake Sita wa 1978

Mambo yalibadilika Marekani ilipounda chombo kinachoruka kama roketi na kutua kama ndege. Chombo hicho kilihitaji wanasayansi na wahandisi, si marubani peke yao. Watu zaidi ya 8,000 waliomba, na tarehe 16 Januari 1978 yalitangazwa majina 35. Wanawake walikuwa 6: Sally Ride, Judith Resnik, Kathryn Sullivan, Anna Fisher, Rhea Seddon na Shannon Lucid. Kundi lililofuata, la mwaka 1980, ndilo ambalo Reid amemtia Joan. Katika historia kundi hilo lilikuwa na watu 19, na wanawake 2 tu, Mary Cleave na Bonnie Dunbar. Mwandishi wa riwaya amelijaza wanawake zaidi, na hiyo ni haki yake. Hata hivyo mwanahistoria yampasa akumbuke kwamba Joan na wenzake wameshonwa kwa vitambaa vilivyokatwa hasa kutoka kwa wale 6 wa 1978.

Kitambaa kikubwa ni cha Sally Ride. Kama Joan, Ride alikuwa msomi wa fizikia. Kama Joan, aliketi katika chumba cha uongozi kuwa sauti ya dunia kwa walio angani. Alifanya hivyo katika safari ya pili na ya tatu ya Columbia, mwezi wa Novemba 1981 na Machi 1982, na kabla yake hakuna mwanamke aliyepewa kazi hiyo. Umuhimu wake waeleweka tukijua kwamba kwa desturi ni mtu mmoja tu anayeruhusiwa kuzungumza na wasafiri, ili amri zisigongane, na kwamba huyo kwa kawaida huwa mwanaanga, ili anayesikia amwamini anayesema. Reid alipomweka Joan kwenye kiti hicho siku ya ajali hakubuni kiti. Alibuni tu nani awe upande wa pili wa redio.

Tarehe 18 Juni 1983 Ride aliruka katika Challenger, akawa Mmarekani wa kwanza wa kike kufika angani. Maswali ya waandishi wa habari kabla ya safari yamehifadhiwa, na yanastahili kusomwa na kila anayechunguza lugha na jamii. Waliuliza kama safari itadhuru uzazi wake. Waliuliza kama hulia mambo yanapoharibika kazini. Ride aliuliza kwa nini swali hilo haulizwi Rick Hauck, rubani wa safari ile ile. Wahandisi nao, kwa nia njema, walimtengenezea mfuko wa vipodozi, na wakamuuliza kama vitambaa 100 vya hedhi vingetosha kwa safari ya wiki moja. Watu hawa waliweza kukokotoa njia ya chombo kuizunguka dunia. Walichokosa ni mazoea ya kumuuliza mwanamke habari zake mapema.

Suala la Malezi

Kama tulivyosema, kisa cha Frances ndicho kinachoibeba riwaya, na hapa kumbukumbu zina mengi ya kusema. Shannon Lucid alikuwa na watoto 3 alipochaguliwa. Rhea Seddon aliolewa na mwanaanga mwenzake mwaka 1981, akajifungua mwana mwaka 1982, na akasafiri mwezi wa Aprili 1985. Anna Fisher aliarifiwa kwamba amepangiwa safari hali ni mjamzito wa siku za mwisho, naye akakubali. Alijifungua binti siku ya Ijumaa, tarehe 29 Julai 1983, na Jumatatu iliyofuata akahudhuria mkutano wa kawaida wa wanaanga. Tarehe 8 Novemba 1984 alipanda Discovery, mtoto akiwa na umri wa mwaka 1 na miezi 3. Yeye ndiye mama wa kwanza kufika angani. Tereshkova alikuwa amezaa baada ya safari. Katika safari hiyo Fisher na wenzake walizikamata setilaiti 2 zilizokuwa zimepotea njia, wakazirudisha duniani. Reid ameiweka ajali yake ya kubuni mwezi mmoja tu baada ya safari hiyo.

Hatuna budi kuuliza kwa nini mkutano wa Jumatatu ulikuwa na uzito kiasi hicho. Wanaume wengi waliotangulia walikuwa baba. Walipoondoka, magazeti yaliwasifu wake zao kwa ustahimilivu, na hakuna aliyewauliza wao ni nani atawalea watoto, kwa kuwa jibu lilikuwa limeketi nyumbani likimngojea mpiga picha. Mwanamke alipoondoka, swali lile lile liliinuka likasimama mlangoni. Kiti cha Fisher siku ile ya Jumatatu kilikuwa jibu, na lilikuwa jibu ambalo wanaume hawakutakiwa kulitoa.

Swali hilo halikuwa la bure, wala hatupendi kulifanya hivyo. Tarehe 28 Januari 1986 Challenger ilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 wakafa. Miongoni mwao walikuwamo Judith Resnik, aliyekuwa amekwisha kusafiri mara moja mwaka 1984, na Christa McAuliffe, mwalimu wa shule kutoka New Hampshire, mama wa watoto 2. Wazazi wa McAuliffe walikuwa papo hapo uwanjani wakitazama. Tarehe 1 Februari 2003 Columbia nayo iliteketea ikirudi, na humo walikuwamo Kalpana Chawla na Laurel Clark. Clark alikuwa mama wa mvulana mdogo. Lakini katika ajali zote mbili walikufa pia wanaume waliokuwa baba. Uchungu wa yatima haupimwi kwa jinsia ya mzazi aliyekufa. Kosa la swali lile ni kwamba liliulizwa upande mmoja tu, kana kwamba mtoto ana mzazi mmoja.

Sisi watu wa fasihi ya Kiswahili tunaye mama wetu wa kumkumbuka hapa. Mnamo 1858, huko Pate, Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa na akijua kwamba huenda asipone, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha. Kwa kawaida tunausoma utendi huo kwa ajili ya mafunzo yake kuhusu mke na mume, na tunabishana kuyahusu. Twasahau hali iliyouzaa: mzazi anayekaribia kuondoka, na mtoto atakayebaki. Joan naye, kila anapojiandaa kwa kazi yake, yumo katika hali hiyo mbele ya Frances. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona hakuchagua safari yake. Joan ameichagua, na thamani ya riwaya ni kwamba haimpi nafuu ya kujidanganya kuhusu jambo hilo.

Suala la Mapenzi

Twarudi sasa kwa Sally Ride. Aliolewa na mwanaanga Steven Hawley mwaka 1982, wakaachana mwaka 1987. Alizitumikia tume za uchunguzi wa ajali zote mbili, ya Challenger na ya Columbia, na ni yeye peke yake aliyekuwa mjumbe wa zote mbili. Pamoja na Tam O'Shaughnessy aliandika vitabu vya sayansi vya watoto, na mwaka 2001 wakashirikiana na wengine kuanzisha kampuni ya kuwafundishia vijana sayansi. Alifariki kwa saratani tarehe 23 Julai 2012. Katika tanzia iliyotolewa siku hiyo, watu wengi walisoma kwa mara ya kwanza kwamba O'Shaughnessy alikuwa mwenzi wake wa maisha kwa miaka 27.

Miaka 27 ni muda mrefu kwa neno moja kungoja. Hata hivyo si vigumu kuelewa kwa nini lilingoja. Amri ya Rais wa Marekani ya mwaka 1953 iliwafanya watu wanaopenda wa jinsia yao wahesabiwe kuwa hatari kwa usalama wa nchi, na wengi walifukuzwa kazi za serikali kwa amri hiyo. Mwaka 1975 vizuizi katika utumishi wa kawaida vililegezwa, lakini suala la kuaminiwa na siri za serikali liliendelea kuwa tishio hadi amri nyingine ya mwaka 1995. Katika miaka ambayo Joan na Vanessa wanapendana riwayani, basi, hofu yao si ya kubuni. Isitoshe, kuficha huko kulikuwa na ukatili wake: wanawake wale waliulizwa mbele ya kamera habari za ndoa, uzazi na machozi, ilhali mmoja wao alipokuwa na jibu la kweli ambalo halikutarajiwa, alipaswa kulimeza.

Mwezi wa Novemba 2013 Rais wa Marekani alitoa nishani ya juu kabisa ya raia kwa jina la marehemu Ride, na aliyesimama kuipokea ni O'Shaughnessy. Wanahistoria wanaoishi kwa maandishi yafaa walitafakari tendo hilo. Kumbukumbu za safari ya 1983 zimehifadhi saa, uzito, mwendo na kila agizo lililotolewa. Kile ambacho mwanamke huyo angekiita nyumba kilikuja kuandikwa baada ya kifo chake.

Hapa ndipo tukio la 1963 linaporudi. Mama yake Tereshkova alipata habari za binti yake kwa redio. Ulimwengu ulipata habari za Ride kwa tanzia. Nchi zilikuwa mbili, zenye uadui, na sababu za siri zilikuwa tofauti kabisa. Lakini katika nchi zote mbili mwanamke alipelekwa angani mbele ya macho ya watu wote, na lililo karibu zaidi na moyo wake likachelewa kufika. Reid ameichukua habari hiyo iliyochelewa, akaiweka mahali ilipostahili kuwa: wakati ule ule, katika chumba kile kile, kwenye redio ile ile. Hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo sababu ya riwaya hii kuwaliza wasomaji wake.

Jambo Hili na Lugha Yetu

Msomaji aweza kuuliza kwa haki: haya ya Houston na Yaroslavl yanaingiaje katika jarida la lugha za Kiafrika? Jibu la kwanza ni la kihistoria. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Msimamizi wa mradi huo alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend, mama wa wana 4, na ni yeye aliyeipa jina la Kiswahili kwa heshima ya wenyeji wake: Uhuru. Huyo hakuwa mwanaanga, alibaki chini. Lakini wakati NASA ilikuwa haijamkubali mwanamke hata mmoja kusafiri, mwanamke huyu alikuwa amelituma neno letu juu. Mwana wa elimu ya nyota kama Joan, aliyesoma katika miaka ya 1970, hangeweza kulikwepa neno hilo, kwani orodha ya vyanzo vya mionzi iliyotokana na setilaiti hiyo yaitwa kwa jina lake.

Mfano wa pili ni wa Mae Jemison, aliyeruka katika Endeavour tarehe 12 Septemba 1992, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Alikuwa daktari aliyefanya kazi Sierra Leone na Liberia, na miongoni mwa lugha alizojifunza Kiswahili kimo.

Jibu letu jingine ni la kiisimu. Hadi mwaka 1973 kituo cha Houston kilibeba jina ambalo, kwa Kiingereza, lilijengwa juu ya neno lenye maana ya mwanamume. Kiswahili kilipohitaji jina la msafiri huyu kiliunda mwanaanga, kwa mfano wa mwanamaji na mwanajeshi. Neno hilo halimtaji mume wala mke. Tena mwana ni mtoto, na katika mwambao wetu Mwana ni jina la heshima la mwanamke, kama lilivyo katika Mwana Kupona. Neno moja limekusanya kazi, uzao na heshima.

Yatupasa tuwe na hadhari, hata hivyo. Lugha isiyobagua jinsia katika sarufi yake haimaanishi jamii isiyobagua. Chukua sentensi alimpenda. Mfasiri atakayeitia Atmosphere katika Kiswahili atagundua kwamba kiambishi a- na kiambishi -m- vinaficha kile ambacho Kiingereza kinalazimika kukifichua papo hapo. Katika Kiingereza, Joan akitamka sentensi hiyo ameshajifunua. Katika Kiswahili angeweza kuitamka redioni mbele ya chumba kizima na asijulikane. Je, huo ni uhuru, au ni njia nyingine ya kunyamaza? Mfasiri hataweza kulikwepa swali hilo, na hakuna kamusi itakayomjibia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya ya Reid, pamoja na kuwa kazi ya kubuni, inasimama juu ya mambo yaliyokuwa: hoja ya 1962, maswali ya 1983, Jumatatu ya Anna Fisher, na tanzia ya 2012. Hatusemi kwamba riwaya ichukue nafasi ya kumbukumbu. Joan si Sally Ride, na kumchanganya mmoja na mwingine ni kuwakosea wote wawili. Tunalosema ni kwamba riwaya imeziuliza kumbukumbu swali ambalo wanahistoria walichelewa kuliuliza, yaani, safari hizi zilimgharimu nani, na ni nani aliyekuwa amekaa karibu na redio.

Swali hilo laweza kuulizwa hapa kwetu pia, bila kungoja roketi. Wanawake wa kwanza wa nchi zetu kuwa mahakimu, marubani, wahandisi na maprofesa nao wamekwisha kuwekwa katika orodha, kila mmoja na mwaka wake. Ni wachache walioulizwa, wangali hai, ni nani aliyemlea mtoto usiku ule wa mtihani, na ni nani waliyetamani awepo siku ya sherehe na hawakuweza kumwalika. Mama yake Tereshkova hakupewa nafasi ya kuagana na mwanawe. Tukiwaendea wazee wetu sasa na kuyaandika majibu yao, angalau habari hizi hazitatungoja mpaka tanzia.